Video ya Kupamba: Idumu, na Isivuje

Wiki chache baada ya masika ya 2019, dada mmoja alikuja studio kwangu na DVD ya harusi yake ameifunga ndani ya kitambaa. Mimi ndiye niliyempigia video ya kupamba, ile sherehe ya harusi ya wanawake watupu, mwaka 2011. Ile DVD ilikuwa imeingia madoa pembeni. Mashine inaizungusha, inahangaika nayo, kisha inaitema. Mamake alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Akaniambia, "Dadangu, kuna pahala mamangu anacheza chakacha, amevaa kikuba, anacheka. Sina pengine ninapomwona akicheka. Wewe huwezi ukakosa."

Nilikuwa nayo, kwenye diski ya nje, kabatini, ndani ya mfuko wa nailoni. Haikuwa imewashwa tangu 2014. Nilipoichomeka ililia tik, tik, tik, ikanyamaza. Nikaipeleka kwa fundi mmoja, kisha kwa wa pili. Wote wawili walinirudishia ile diski wakanipa pole.

Kilichotuokoa ni kanda. Wakati ule nilikuwa bado narekodi kwa kamera ya kanda ndogo za MiniDV, na sikuwahi kuwa na moyo wa kuzitupa. Lakini kamera ya kuzisomea ilikuwa imeshakufa. Nilitafuta nyingine karibu miezi miwili, na nilipoipata ikabidi nitafute pia kompyuta ya zamani yenye tundu la FireWire, la kuchomekea kamera hizo, kwa sababu laptopu za siku hizi hazina. Kanda ya kwanza ilikuwa imeshika kuvu, picha ikakatikakatika. Ya pili ikasoma. Tukapata dakika 11 za mamake.

Nimeandika haya kwa kina mama wenzangu wanaopiga video za harusi, na kwa yeyote mwenye harusi ya familia kabatini. Ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba utoe nakala nyingi uzisambaze. Ni ushauri wa kweli, ila kwetu hautoshi. Kwenye kupamba simu hukatazwa mlangoni, mabuibui yanavuliwa, na kila aliyemo ukumbini amekuja akiamini kwamba hakuna mwanamume atakayemwona. Kila nakala unayoongeza ni mlango mwingine wa kulindwa. Kwa hivyo mimi hujiuliza mambo mawili kwa pamoja: hii itasomeka baada ya miaka 20? Na ikiangukia mkononi mwa mtu mwingine, ataona nini?

Nianze na hewa yetu, maana wengi hawaihesabu. Mombasa ina joto, ina unyevu mwaka mzima, na upepo wa bahari huja na chumvi. Nimeona flashi ambazo chuma chake cha mbele kimeshika kutu ndani ya mtoto wa meza. Kanda za sumaku ndizo zinazoteseka zaidi: gundi inayoshikilia ile poda ya sumaku hunyonya unyevu, inalainika, kanda inanata kwenye kichwa cha kusomea. DVD za kuchoma nazo si sawa na zile za kiwandani. Ndani mna rangi ya kemikali ambayo mwanga wa leza huichoma ili kuandika, na rangi hiyo hufifia kwa jua, joto na unyevu. Ile ya dada yule ilikaa miaka minane juu ya kabati la televisheni, karibu na dirisha.

Kwa hivyo diski zangu sasa ziko kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa mpira unaobana, pamoja na vile vipakiti vya chembe za kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Navibadilisha kila baada ya miezi michache. Na ukiwa na chumba chenye kiyoyozi, usiitoe diski iliyopoa ukaiwasha papo hapo kwenye fukuto la nje. Hutoa jasho kama chupa ya soda. Iache kwenye kopo lake mpaka izoee.

Sasa flashi na memori kadi. Nawaomba sana, msizitumie kama sanduku la akiba. Ndani ya flashi data ni chaji ndogo za umeme zilizofungiwa kwenye vijumba vidogo sana. Chaji hizo huvuja polepole, na joto huharakisha kuvuja. Hata SSD, ambazo ni ndugu zake wa bei ghali, ziko hivyo. Kiwango cha shirika la JEDEC kwa SSD za kawaida ni kwamba ikiwa imeshatumika mpaka kikomo chake, iweze kushika data kwa mwaka 1 bila umeme, kwenye joto la nyuzi 30. Nyuzi 30 ni chumba cha kawaida Mji wa Kale mchana wa kaskazi. SSD mpya hushika kwa muda mrefu zaidi ya hapo, lakini mimi siwezi kumwekea mtu harusi yake humo nikaifungia kabatini.

Halafu kuna flashi za uongo. Imeandikwa 1TB, ndani ni 32GB, na bei yake inakuvutia. Inapokea faili zote bila kulalamika, majina yote unayaona, ila kilichomo ndani ya faili za mwisho hakipo. Kabla ya kuiamini kadi au flashi yoyote mpya, naijaza yote kwa programu ya H2testw, ambayo huandika mpaka mwisho kisha husoma ilichoandika. Huchukua saa kadhaa. Nimeshawahi kurudisha dukani kadi mbili kwa sababu hiyo.

Diski ngumu za kuzunguka ndizo ninazozitegemea kwa kazi kubwa, kwa sababu ya bei na nafasi. Nazo hufa. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, ambayo ina diski mamia ya maelfu, huchapisha hesabu zake: kwa ujumla hufa karibu 1 au 2 katika kila 100 kwa mwaka, na hizo ziko kwenye vyumba vilivyopozwa, hazibebwi kwenye mkoba ndani ya matatu. Diski moja ni bahati nasibu. Mbili zilizo kabati moja pia hazitoshi. Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kuhifadhia data la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja ambao nakala zao za akiba nazo ziliungulia huko.

Mimi nina nakala tatu. Ya kwanza iko kwenye kompyuta ya kazi. Ya pili iko kwenye diski ndani ya lile kopo. Ya tatu iko Voi, kwa kakangu, ambako hewa ni kavu na bahari iko mbali. Hubadilishana nami diski kila akija Mombasa.

Na hapa ndipo siri inapoingia. Kakangu namwamini, lakini wale kina mama walioko kwenye video hawakumwamini yeye. Waliniamini mimi. Kwa hivyo kila diski inayotoka studio imefungwa yote kwa nenosiri, kwa programu ya VeraCrypt, ambayo ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Mwizi akiiba ile diski, anachokiona ni vurugu tupu isiyo na maana.

Sikulijua umuhimu wa jambo hili mpaka liliponifika. Niliwahi kuformati memori kadi ya zamani nikampa kijana wa jirani aitumie kwenye kamera yake. Baada ya miezi akapoteza picha zake mwenyewe, akatumia programu ya kufufua faili. Zikatoka picha zake, na za kwangu pia. Alinirudishia kadi ile mkononi, macho chini, akasema tu, "Shangazi, hii ichukue." Nilikaa na aibu ile siku nyingi, na kila siku namshukuru Mungu kwamba ilikuwa kwa kijana yule.

Kuformati kwa haraka hufuta orodha tu, mfano wa mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo akakiacha kitabu. Kabla ya kutoa diski ya kuzunguka, iandike juu yake yote kwa data nyingine. Flashi na SSD huhamishahamisha data zenyewe kwa ndani, kwa hivyo hata kuandika juu hakukupi uhakika. Dawa ni kuzifunga kwa nenosiri tangu siku ya kwanza, kabla hujaweka chochote. Kadi za kamera mimi siuzi wala siazimi tena. Zikichoka navunja kile kijiwe cheusi cha ndani kwa nyundo.

Lakini nenosiri nalo linaweza kukupotezea kila kitu. Ukilisahau, hakuna fundi wala kampuni ya kukufungulia. Langu ni maneno sita yasiyohusiana, limeandikwa kwa wino kwenye karatasi, ndani ya bahasha pamoja na hati za nyumba, na binti yangu anajua ilipo. Bahasha haikai na diski. VeraCrypt pia hukuruhusu kutoa nakala ya kile kipande kidogo cha mwanzo wa diski kinachobeba ufunguo. Itoe. Kipande kile kikiharibika, hata nenosiri sahihi linaweza kushindwa kufungua.

Mtandaoni siweki video za kupamba ila nimezifunga kwanza hapa kwangu, na kwa ukubwa wa faili zangu bando lenyewe haliniruhusu. Anayeweka picha za familia kwenye Google ajue kwamba akaunti isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa pamoja na vilivyomo. Ya marehemu, basi, haina muda mrefu.

Mara mbili kwa mwaka, kabla ya Ramadhani na baada ya kusi kutulia, nazitoa diski zote naziwasha. Siangalii kama zinafunguka tu. Kila faili nilipoiweka niliitolea alama yake ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaotokana na kila kilichomo ndani ya faili. Ikibadilika hata nukta moja ya picha, alama inakuwa nyingine kabisa. Kompyuta inapiga hesabu upya usiku, asubuhi nalinganisha. Mwaka jana faili mbili hazikulingana. Nikazichukua kutoka diski ya Voi, kazi ikaisha. Diski ikifika miaka mitano nanunua mpya, hata kama bado inakwenda vizuri.

Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari langu ni daftari kweli, la karatasi: tarehe ya harusi, namba ya diski, nani kaidhinisha nini. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 nimeongeza mstari kwenye risiti. Bi harusi anachagua mwenyewe: niihifadhi miaka 10, au niifute baada ya kumkabidhi. Wengi hutaka nihifadhi. Wawili walitaka nifute, nikafuta nakala zote tatu, pamoja na ile ya Voi, nikawaonyesha daftari.

Na wewe mwenye DVD ya harusi nyumbani, itoe leo. Usiridhike kwamba imefunguka ukaona kadi ya mwaliko na jina la bi harusi. DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na mara nyingi uharibifu huanzia ukingoni. Peleka mbele mpaka dakika za mwisho, pale bi harusi ameshapanda jukwaani na mamake na shangazi zake wamesimama kucheza. Pakikwama hapo, usiirudierudie kwenye mashine. Ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ipeleke kwa mtu mwenye kisomaji kizuri, mwanamke kama unaweza, aikopi siku hiyo hiyo.