Hercules wa manundu, kachorwa vibaya?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi binti yangu kanionyesha kwenye simu picha ya zamani, jamaa yuko uchi kashika rungu, anaitwa Hercules, sasa mbona misuli imemvimba mpaka tumboni kama gunia la viazi? Huyo mchoraji hakuwahi kuona mtu au? – Msomaji, Tanga

JIBU: Salama ndugu yangu. Hercules ni shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Kigiriki, na picha hiyo ni ya Hendrick Goltzius wa Haarlem, Uholanzi, mwaka 1589, na Waholanzi wenyewe wanamtania Knollenman, yaani mtu wa manundu, kwa hiyo usijione mshamba. Ila watu alikuwa anawajua vizuri sana. 1588 alichora mkono wake mwenyewe wa kulia, ambao uliungua moto akiwa mdogo ukabaki umekakamaa, na pale mishipa na kucha zote ziko sawasawa.

Manundu aliyataka mwenyewe. Ile si penseli bwana, ni bamba la shaba, unasukuma kichuma chenye ncha, ukikandamiza mfereji unapanuka ukilegeza unakonda, halafu unapaka wino, unafuta juu, unaobaki ndani ya mifereji ndio unaohamia kwenye karatasi. Sasa kuza hiyo picha kwenye simu uangalie msuli mmoja tu: mstari unaanza kama unywele, unanenepa kwenye kivuli, unakonda tena upande wa pili. Msuli wa mviringo ndio unaonyesha fundi ni nani, na yeye kajaza mwili mzima, si maringo hayo!

Halafu ilikuwa fasheni. Miaka ya 1580 mchoraji mwingine, Karel van Mander, aliwaletea watu wa Haarlem michoro ya Bartholomeus Spranger, mchoraji wa Kaisari Rudolf II kule Prague, miungu imejipinda viuno hatari, vijana wakapagawa. Mwaka huohuo wa 1588 Goltzius akatoa picha nne za duara akifuata kazi za mchoraji mwenzake Cornelis van Haarlem: Tantalus, Icarus, Phaeton na Ixion wa hadithi za Kigiriki, wote wanadondoka kwa kuvuka mipaka ya miungu.

1590 akaenda Roma, akaona sanamu za kale, na aliporudi misuli ikatulia. Mimi Hercules aliyemchora kutokana na sanamu mojawapo ya hizo, iitwayo Hercules wa Farnese, ndiye nampenda zaidi, kachorwa kwa nyuma huku wanaume wawili wadogo chini wanamkodolea macho. Mwambie binti aitafute, aangalie mkono ulioko mgongoni, kuna matufaha aliyoyaficha ambayo hao wawili walioko mbele hawayaoni.