Jibu: Kidude kinasoma 612 kwenye maji ya robine ya Goma, je ni sumu?

Dada uliyeuliza kuhusu maji ya mtaa wa Himbi hapa Goma, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyofuata, na nusu ya waliojibu naona wana chujio la kukuuzia. Kwa wanaoingia sasa: dada amehama kutoka Bukavu, ana mtoto wa miaka miwili, na amenunua kile kidude cha kuchovya majini kinachoonyesha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini. Bukavu kilikuwa kinasoma 70. Hapa Goma, kwenye robine (koki ya maji) ya uani, kimesoma 612. Mtu wa kazini akamwambia kuanzia 300 kwenda juu ni sumu. Anauliza anunue mashine ya kuchuja au ahamie maji ya chupa, kama ni kweli klorini, ile dawa ya kuua wadudu majini, inaleta kansa, na kwa nini chai yake siku hizi inatoka nyeusi kama lami.

Mimi ni fundi wa mabomba, huku tunaitwa plombie. Kabla ya hapo nilifanya misimu miwili ya kipindupindu ufukweni Kituku, kwenye Ziwa Kivu, bomba la sindano mkononi, natia klorini kwenye bidoni (madumu) za watu. Haya maji nimeyaona yakiwa ziwani, nimeyaona ndani ya bomba, nimeyaona kwenye bidoni jikoni. Ukiniuliza kama ni salama, nami nitakuuliza yale ya wapi.

Tuanze na hiyo 612. Kidude chako hakijui sumu ni nini. Kinapitisha umeme kidogo kati ya vichuma viwili, kinaangalia unapita kwa urahisi gani, kisha kinakisia chumvichumvi zilizoyeyuka ni kiasi gani. Ziwa Kivu limejaa hizo chumvi, kwa sababu limekaa kwenye mawe ya volkano na chini kuna chemchemi zinazoingiza magnesiamu, sodiamu, potasiamu na bikaboneti. Upitishaji umeme wa maji yake ya juu ni kama maikrosimenzi 1,200 kwa sentimita, na vidude vya bei rahisi huigawa namba hiyo kwa mbili. Gawa mwenyewe. Umelipa pesa uambiwe kwamba maji ya Goma yanatoka ziwani, jambo ambalo jirani yeyote angekwambia bure. Ya Bukavu yalikuwa ya mto wa milimani, ndiyo maana yalisoma kidogo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) halijaweka kikomo cha kiafya cha TDS. Linasema tu kwamba chini ya miligramu 600 kwa lita ladha kwa kawaida ni nzuri, na ikipita 1,000 watu wanaanza kukunja uso. Ile 300 ya mwenzako wa kazini ilitoka kwa waonjaji: chini ya hapo walisema maji ni mazuri sana, kati ya 300 na 600 wakasema mazuri. Habari ya ulimi imegeuzwa njiani ikawa habari ya sumu.

Nina sababu ya kukichukia hicho kidude. Mwaka 2019 nilikuwa nacho mimi, nimekifunga kamba shingoni kama daktari. Nikapima maji ya mvua ya kwenye tangi la shemeji yangu kule kijijini Rusayo, yakasoma 40 na ushee. Nikamwambia shemeji, haya ndiyo maji, mnaoteseka ni sisi wa mjini. Yeye akacheka, akamwita mtoto wake wa darasa la tano, akamwambia afungue kinywa. Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, kama mtu aliyepaka chai kwa brashi. Nusu ya darasa lake wako hivyo, akasema. Siku hiyo nilikuwa na karatasi za kupimia pH kwenye mkoba, yaani za kujua maji yana asidi kiasi gani; 7 ni katikati, na chini yake ni asidi. Nikachovya moja: ikasimama kati ya 4 na 5. Mvua ile ilikuwa imepita kwenye moshi wa volkano ya Nyiragongo.

Kule Rusayo hakuna mto, lava inanywa kila tone, kwa hiyo watu wanategemea paa la nyumba. Na upepo mara nyingi unasukuma moshi wa mlima kuelekea magharibi, juu yao. Ndani ya moshi huo kuna salfa, kuna asidi ya klorini, kuna floridi. Vyote vinashuka na mvua, halafu maji yenye asidi yanalamba zinki na risasi kwenye mabati na misumari. Kidude kinasoma 40, kinafurahi.

Floridi ndiyo kitu cha kuulizia ukiwa Goma au vijiji vya jirani. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na Ulaya wanatumia hiyohiyo. Marekani sheria yao inaruhusu hadi 4, lakini wana namba nyingine ya 2 ya kuwaonya watu kuhusu meno ya watoto. Kwa hiyo ukisoma kwenye mtandao kwamba maji fulani "yako ndani ya kikomo", uliza kikomo cha nani. Na WHO wenyewe wanasema nchi iangalie watu wake wanakunywa kiasi gani. Anayesukuma chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao, juani hanywi sawa na anayekaa ofisini. Madoa ya floridi yanaingia wakati meno bado yanajengeka ndani ya ufizi, hadi karibu miaka 8, kwa hiyo wewe na mimi tumeshapona na mtoto wako ndiye wa kuangaliwa. Kwa mifupa ni habari nyingine: inaanza kuonekana kwa wanaokunywa maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita kwa miaka mingi. Peleka chupa moja maabara, omba kipimo cha floridi peke yake. Usikubali kuuziwa orodha ya vipimo thelathini. Na kuchemsha hakuondoi floridi. Mvuke unaondoka, floridi inabaki, kwa hiyo ukichemsha sana unaiongeza kidogo.

Risasi na aseniki, kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita kila kimoja. Nitreti miligramu 50. Hiyo risasi, kwa maji ya ziwa, mimi ningeanza kuangalia vifaa vya nyumba kabla ya ziwa: robine za bei ya chini, na vile viungio vya shaba visivyo na jina. Acha maji ya usiku yamwagike kwanza asubuhi, tia kwenye ndoo ya kudekia.

Sasa kipindupindu, na hapa naomba uvumilivu wako kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Kikomo cha E. koli, mdudu wa kinyesi anayeonyesha kwamba choo kimeingia majini, ni sifuri kwa mililita 100. Hakuna cha kujadili wala cha kulinganisha nchi na nchi. Floridi inahesabu miaka. Mdudu wa kipindupindu anahesabu saa. Julai 1994, wakimbizi walipoingia Goma, watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi wao kwa kuhara, wakinywa maji ya ziwa hilihili. Hakuna aliyeuliza TDS.

Pale Kituku kazi yetu ilikuwa hivi. Mama anakuja na bidoni ya lita 20, anaichota mwenyewe akiwa ameingia hadi magotini, anapanda kwetu. Tunavuta mililita 5 za klorini ya asilimia 1, tunapuliza ndani, anafunga kifuniko, anatikisa. Hiyo ni miligramu 2.5 kwa lita. Baada ya nusu saa tunachukua maji kidogo, tunatia kidonge cha DPD cha kupimia klorini, na yakigeuka rangi ya waridi tunalinganisha na kadi: tunataka ibaki angalau miligramu 0.5 kwa lita. Siku ambazo ziwa limechafuka baada ya mvua tunapandisha dozi, maana uchafu unakula klorini kabla haijawafikia wadudu.

Kuna jambo muuguzi wetu alitufundisha ambalo sijawahi kulisikia likisemwa kwenye redio. Maji ya Kivu yana pH ya karibu 9. Klorini ikiingia majini inagawanyika sura mbili, moja kali na moja mvivu. Kwenye pH 8, robo tu ndiyo ile kali. Kwenye pH 9 inabaki kama asilimia 3. Kwa hiyo rangi ya waridi inaweza kuwa nzuri kabisa na kazi bado haijaisha. Ile nusu saa iliyoandikwa kwenye kipakiti imepigiwa hesabu ya maji yenye pH chini ya 8. Mimi nyumbani nasubiri saa nzima, na zaidi kama sina haraka.

Ukiyapata kwenye robine, klorini inayotakiwa kubaki ni angalau 0.2. Ikiwa 0.3 asubuhi robineni, nenda kapime bidoni ya jikoni jioni. Nimefanya hivyo kwa majirani saba wa avenue yetu kwa kuwatania tu, na sita walikuwa sifuri. Chukua bidoni yako, mulika tochi ya simu mdomoni. Utaona utando wa kijani ukutani, unateleza kama samaki. Huo unamaliza klorini yote na unawapa wadudu nyumba. Tia konzi mbili za vijiwe vyeusi vya lava, sabuni, maji kidogo, tikisa hadi mkono uchoke. Vijiwe tunavyo kuliko mji wowote.

Na bomba lenyewe. Mji umekaa juu ya lava, kuchimba ni nyundo na matusi, kwa hiyo mabomba mengi yamelala juujuu, mengine ndani ya mtaro, mengine karibu na vyoo ambavyo navyo havikuchimbwa sana. Maji yakiwa na presha, palipopasuka panatoa nje. Umeme ukikatika pampu zinasimama, presha inaanguka, na pale palipopasuka panavuta ndani. Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika kwa siku kadhaa, robine zikakauka, watu wakarudi ziwani na bidoni. Yaliporudi, nilimfungulia mteja robine yakatoka ya rangi ya kahawa. Yeye akafurahi yamerudi! Nikamwomba ayaache yamwagike hadi yawe meupe, kisha kwa wiki nzima kila ya kunywa ayachemshe kwanza. Hapa juu, mita karibu 1,500, maji yanachemka kama nyuzi 95. Inatosha kabisa kuua kipindupindu, msidanganywe.

Klorini na kansa: ni kweli ikikutana na majani na matope inatengeneza vitu vinavyoitwa trihalomethani, na Marekani wameviwekea kikomo cha mikrogramu 80 kwa lita, Ulaya 100. Vipimo hivyo vinahesabu unywaji wa maisha yako yote. WHO wanasema wazi kwamba usipunguze kuua wadudu kwa kuogopa hivyo. Nani Goma ana nafasi ya kuogopa vyote viwili kwa pamoja?

Mashine ya kuchuja ya utando uliyoonyeshwa inaondoa floridi, hilo sikatai. Lakini inataka presha ya kudumu, na kwa kila lita moja inayokupa inamwaga kadhaa. Himbi unayo presha hiyo siku ngapi kwa wiki? Nimefunga tatu, mbili sasa zimewekewa vitambaa na maua. Chujio la mshumaa wa udongo ni rahisi na linazuia wadudu wengi, ila floridi inapita tu. Ningekuwa wewe: klorini, bidoni iliyosuguliwa, ndoo yenye robine chini watu wasichovye vikombe, kisha kipimo kimoja cha floridi kwa ajili ya mtoto. Kikirudi juu ya 1.5, hapo mnunulie yeye peke yake maji ya kunywa na ya uji. Sisi wazee tuendelee na ziwa letu.

Chai: usitafute chuma. Ni ileile pH. Majani ya chai kwenye maji ya 9 yanatoka meusi, na ule ukoko mweupe wa birika ni chumvi za ziwa zilizogandishwa na moto. Kamulia ndimu kwenye kikombe uone, itarudi kuwa nyekundu kama ya Bukavu mbele ya macho yako.