Tumbo Halioshwi

Ukifanya kazi ya maabara Dar es Salaam, mtaani utaitwa dokta upende usipende. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kuotesha vijidudu vya choo, mkojo, damu, usaha, chochote kitakacholetwa kwenye kopo. Lakini hata kwenye shughuli za watu huwa navutwa pembeni, na swali halibadiliki: "Dokta, dawa gani nzuri ya kusafisha tumbo?"

Hakuna. Najua jibu hilo linawaudhi wengi, kwa sababu mtu anayeuliza huwa ameshajionea yale maji meusi yanayouzwa Kariakoo kwenye chupa zilizotumika, na anachotaka kwangu ni baraka tu. Dawa za kusafisha ambazo nimeona ndugu zangu wakinywa zilifanya kazi moja, nayo ni kuharisha. Ukiharisha siku mbili tumbo likawa jepesi, unasema uchafu umetoka. Kilichotoka ni maji, chumvi, na sehemu ya bakteria wako. Kwani "uchafu" wenyewe ni nini? Kausha choo cha mtu mwenye afya, ukipime, utakuta kati ya robo na nusu yake ni bakteria. Hawakuingia kwa bahati mbaya. Wanaishi humo.

Wapo wengi kiasi gani? Mwaka 2016 watafiti wa Israel na Kanada walipiga hesabu upya wakakadiria kwamba mtu mzima wa kilo 70 ana bakteria trilioni 38 hivi, na seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30. Vitabu tulivyosomea vilituambia bakteria ni mara kumi ya seli zetu, kumbe ni karibu sawa kwa sawa. Uzito wao wote ni gramu 200 hivi, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Humo wanasaga nyuzinyuzi za chakula ambazo sisi hatuwezi kuzisaga, na katika kusaga wanatoa asidi fulani za mafuta. Moja inaitwa butireti, na ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana. Wanatengeneza vitamini K. Wanaufundisha mwili kutofautisha adui na mpangaji. Na wanajaza nafasi, ili kimelea cha kuharisha kikifika kikose pa kukaa.

Sasa tuje kwenye flajili.

Sijui kama kuna droo Dar isiyo na flajili. Ukila chipsi za jana, flajili. Gesi, flajili. Shemeji yangu wa Mbagala alinipigia simu akilalamika kwamba amemeza "mbili mbili" na tumbo bado linanguruma. Nikamuuliza nani kakuandikia? Akacheka: "Sasa shemeji, flajili nayo ya kuandikiwa?" Ndiyo, ni ya kuandikiwa. Dawa hii inaua amiba na giardia, na inaua bakteria wasioishi penye oksijeni. Na utumbo mpana hauna oksijeni, kwa hiyo wakazi wake walio wengi ni wa aina hiyo hiyo. Kuimeza kwa kukisia ni kuchoma mtaa mzima kwa ajili ya kibaka mmoja ambaye huna hakika hata kama alipita. Daktari akikuandikia, baada ya kipimo, meza na umalize dozi. Ninachokipinga ni ile ya droo.

Ya pili kwa umaarufu ni "taifodi". Hapa mjini mtu akichoka siku tatu, anatoka kwenye kipimo na taifodi, mara nyingi pamoja na UTI kama nyongeza, na mfuko wa sipro, ile antibayotiki. Kipimo kinachotumika sana ni Widal, cha tangu 1896. Chenyewe hakimtafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili huacha baada ya kupambana. Uliwahi kuugua zamani, au ulikutana na bakteria wa ukoo mmoja na yule wa taifodi, kinaweza kusoma chanya wakati homa yako ya leo ina sababu nyingine kabisa. Ukiambiwa una taifodi kwa tone moja la damu na jibu la dakika chache, uliza kwa adabu: "Naweza kupata kipimo cha kuotesha damu?" Ni ghali zaidi na jibu linachukua siku kadhaa. Lakini kinakuonyesha bakteria mwenyewe, na kinasema dawa gani inamuua na ipi imeshamzoea. Huo usugu wa dawa unaotangazwa redioni, sisi tunauona kwa macho: unaweka kidonge cha karatasi chenye dawa juu ya sahani ya kuoteshea, na bakteria wanaota mpaka kinapoishia.

Hapa niseme jambo ambalo ningetamani libandikwe kwenye kila famasi. Toa sampuli kabla ya kumeza dawa. Watu wanakuja maabara baada ya kutafuna amoksilini siku nne, ndipo wanaleta kopo. Naotesha, nasubiri, sahani inabaki tupu. Mgonjwa bado anaumwa, daktari hana pa kuanzia, na pesa ya kipimo imekwenda. Kama ni choo, kichukue kabla hakijagusa maji ya chooni wala mkojo, kwenye kopo la maabara. Usitumie kopo la siagi lililooshwa kwa sabuni ya unga, maana mabaki ya sabuni yanaua unachotaka kukitafuta. Kifikishe ndani ya saa mbili. Kutoka Chanika na foleni ile, bora ukitolee huko huko kituoni.

Vidonda vya tumbo navyo vina yake. Wengi wanajua sasa kwamba bakteria aitwaye Helicobacter pylori ndiye chanzo kikubwa, pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Wachache wanajua alivyogunduliwa, na sisi watu wa maabara tunaipenda hadithi hii. Robin Warren na Barry Marshall, huko Perth, Australia, walikuwa wanashindwa kumwotesha kwa sababu sahani zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili. Pasaka ya 1982 ikaja, watu wakaenda sikukuu, sahani zikasahaulika kwenye inkubeta, lile kabati la joto la kuoteshea, siku tano hivi. Waliporudi, wakamkuta ameota. Mwaka 1984 Marshall akanywa mchuzi wa bakteria hao mwenyewe ili athibitishe, akaugua tumbo. Nobel ilikuja 2005.

Kwa mkazi wa Dar, la muhimu ni hili: Waafrika wengi wanampata bakteria huyu utotoni, na wengi hawapati kidonda kamwe. Kipimo cha damu cha haraka kinasoma kingamwili, kwa hiyo kinaweza kubaki chanya hata baada ya kutibiwa ukapona. Omba kipimo cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe. Uache omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla ya kupima, kwa kuelewana na daktari, la sivyo jibu linaweza kudanganya. Na ukishamaliza dozi, pima tena baada ya wiki nne. Nimekutana na watu wanaotibiwa bakteria huyu kila mwaka kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kipimo cha damu.

Haya, chakula. Hapa ndipo naongea sana, nivumilieni.

Wakazi wa utumbo wanalishwa na vile ambavyo wewe huwezi kuvimeng'enya. Sembe nyeupe imeshavuliwa pumba na kiini, na nyuzinyuzi nyingi zimekwenda nazo. Chapati na soda ndiyo kabisa, hakifiki kitu chini. Dona, maharage, kunde, choroko, mbaazi za nazi, matembele, kisamvu, ndizi mbichi, hivyo vinafika. Kama hukuzoea maharage, anza kidogo. Gesi ya wiki ya kwanza ni bakteria wakifurahia, na wanaokaa nawe watakuvumilia. Ila dona ina sharti lake: mahindi yaliyolowana yakawekwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, na kwenye dona hakuna kinachokobolewa. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu. Nunua mahindi makavu, yachambue kwa mkono wako, peleka mashine mwenyewe. Kuloweka na kupika hakuiondoi sumu ile.

Kiporo nacho nakitetea, kwa masharti. Wali au viazi vikipoa, sehemu ya wanga hujipanga upya ikawa ngumu kumeng'enywa, ikashuka mpaka kwa bakteria wa chini. Ni kizuri kwao. Lakini wali una mgeni wake, Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Sufuria ikilala mezani usiku mzima kwa joto la Dar, anaamka, anazaana, na moja ya sumu zake inayoleta matapishi haivunjwi na kupasha moto asubuhi. Kwa hiyo wali uingie kwenye friji ndani ya saa mbili, la sivyo uwe chakula cha kuku wa uani. Na siku umeme umekatika kutwa, samehe.

Togwa ni kinywaji ambacho ningemsifia mtu yeyote. Unapika uji wa mahindi, mtama au ulezi, unauacha upoe mpaka uvuguvugu, unatia kimea, unafunika mpaka kesho. Bakteria wa maziwa, yaani wale wale wa kuchachusha, wanaupandisha uchachu mpaka vimelea wengi wa kuharisha hawawezi kuishi humo. Hili limepimwa hapa hapa Tanzania miaka ya 1990: watoto waliopewa togwa mara moja kwa siku kwa karibu wiki mbili, vimelea wa kuharisha walipungua kwenye choo chao ukilinganisha na waliopewa uji usiochachuka. Kinachoniogopesha ni ile ya kituo cha daladala, iliyochachuka vizuri kisha ikaongezwa maji ya bomba na barafu isiyojulikana ilikotoka. Uchachu ulioulinda umeshapunguzwa. Mwulize muuzaji. Mama mwenye biashara safi hachukii swali.

Mtindi sawa, hasa kwa anayejaa gesi akinywa maziwa ya kawaida, kwa kuwa bakteria wake wanakusaidia kumeng'enya ile sukari ya maziwa. Hakikisha tu maziwa yalichemshwa kabla ya kugandishwa. Brusela na kifua kikuu vinapita kwenye maziwa, na uchachu wa mtindi usiuamini kwa kazi hiyo. Huko Mwanza akina mama waliwahi kufundishwa kutengeneza mtindi wenye bakteria maalumu, Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na watafiti wa Kanada, wakauuza kwa jina la Fiti. Mpango wa namna hiyo naupenda kuliko vidonge vya bakteria vinavyouzwa kwa bei ya gunia la mchele.

Vidonge hivyo sivikatai vyote. Lakini wataalamu wa tumbo wa Marekani walipopitia ushahidi mwaka 2020, kwa magonjwa mengi ya tumbo hawakupata sababu ya kuvipendekeza. Na mwaka 2018 utafiti mmoja mdogo wa Israel ulionyesha kwamba waliomeza vidonge vya bakteria baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili kuliko walioachwa tu. Mimi baada ya dozi hula maharage na matembele, nasubiri.

Wauzaji wa vidonge hivyo pia wamegundua Wahadzabe, wale wawindaji na wakusanyaji wa hapa Tanzania. Ni kweli, mwaka 2014 watafiti walilinganisha choo cha Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na cha Waitaliano wa mjini, na Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria. Kisichosemwa kwenye matangazo ni kwamba watu wazima wa Kihadzabe hawakukutwa na Bifidobacterium, ambaye ndiye anayeandikwa kwa herufi kubwa kwenye hivyo vidonge. Na mwaka 2017 ikaonekana kwamba bakteria wao hubadilika na majira, baadhi wakipungua sana wakati mmoja na kurudi mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa kuna bakteria mmoja wa afya kwa kila mtu, shika pochi yako.

Kwa mtoto anayeharisha, sahau yote niliyosema kuhusu kuotesha na kusubiri. Choo cha majimaji cha watoto wadogo mara nyingi ni virusi, na antibayotiki haiwagusi. Chanjo ya rota ilianza kutolewa nchini 2013, hakikisha kadi yake imejazwa. Mpe ORS kidogo kidogo kwa kijiko, endelea kumnyonyesha, na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajatimiza miezi sita. Flajili ya baba yake isimguse. Ukiona damu kwenye choo, macho yameingia ndani, hataki kunywa, anatapika kila kitu, au choo kimekuwa kama maji ya kuoshea mchele, iwe kwa mtoto au mtu mzima, usinipigie mimi simu. Chukua bodaboda au bajaji saa hiyo hiyo uende kituo cha afya, ukimnywesha ORS njiani.