Unatengeneza setilaiti? Anza na barua ya masafa

Vijana wanaotengeneza setilaiti ndogo vyuoni huniuliza habari za betri, paneli za jua na gharama za kurusha. Masafa, yaani mawimbi ya redio ambayo setilaiti itawasiliana kwayo na ardhi, huyataja mwishoni, kama mtu anayeulizia ofisi ya kugonga muhuri iko wapi. Nimeshughulikia usajili wa masafa ya setilaiti muda wa kutosha, na ushauri wangu wa kwanza haujawahi kubadilika: wiki ile ile mnapokubaliana setilaiti itafanya kazi gani, iandikieni mamlaka ya mawasiliano ya nchi yenu. Msingoje mfano wa kwanza ukamilike. Msingoje hata fedha ziingie.

Ni suala la kalenda tu. Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, lenye makao yake Geneva, halipokei maombi ya chuo wala kampuni. Linapokea ya serikali. Kwa hiyo unapitia mamlaka ya nchi yako: Mtanzania anapitia TCRA, Mkenya anapitia CA, Mganda UCC, Mnyarwanda RURA. Ofisa wa huko lazima kwanza auelewe mradi wenu, aingize vipimo vyake kwenye programu ya ITU, apate saini ya wakubwa, ndipo atume. Geneva nao wanakagua, kisha wanachapisha kwenye waraka wao unaotoka kila baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo nchi nyingine zina miezi minne ya kusema kama zinaona mtaziingilia. Hata kama masafa yenu hayadai uratibu rasmi wa nchi kwa nchi, taarifa ya mwisho ya kuyaandikisha kwenye Rejesta Kuu, kitabu cha ITU cha masafa ya dunia, haihesabiwi kuwa imepokelewa kabla ya miezi hiyo minne kwisha. Kanuni za Redio za ITU zenyewe zinapendekeza taarifa ya awali, ile inayotumwa kwanza, ifike angalau miaka 2 kabla ya setilaiti kuanza kutumika. Sasa piga hesabu: mradi wa chuo wenye ufadhili wa miaka 2 umechelewa siku ya kuzinduliwa kwake.

Na usidhani hilo litamalizwa kirafiki kwenye uwanja wa kurushia roketi. Kampuni za kurusha huomba leseni ya redio kabla ya kukipakia kifaa chako kwenye roketi, na tangu mwaka 2018 zimekuwa kali zaidi. Mwaka huo, mwezi Januari, kampuni changa ya Marekani iitwayo Swarm ilirusha vijisetilaiti vinne kwa roketi ya India ilhali tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilikuwa imekataa kuipa kibali. Hoja ya FCC ilikuwa kwamba vilikuwa vidogo mno, ingekuwa shida kuvifuatilia angani. Swarm ilivirusha hivyo hivyo. Kabla mwaka haujaisha ilikubali kulipa dola 900,000. Chuo chetu gani kinaweza kulipa hizo?

Sasa niseme kuhusu bendi za redio ya ridhaa, yaani vipande vya masafa walivyotengewa wapenzi wa redio wasiofanya biashara, maana hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi.

Karibu kila timu inakuja na wazo moja: tutumie megahezi 145.8 hadi 146, au 435 hadi 438, kwa sababu vifaa vyake ni rahisi, vinapatikana, na wapenzi wa redio duniani kote watatusaidia kupokea mawimbi. Yote hayo ni kweli. Isitoshe, ITU haitozi ada ya kushughulikia setilaiti za ridhaa. Lakini huduma hiyo ina masharti yanayotokana na maana yake: ni ya watu wanaojifunza na kufanya majaribio ya redio kwa mapenzi yao, bila maslahi ya fedha. Ukiwa na setilaiti inayopima unyevu wa mashamba kwa ajili ya kampuni ya bima, hiyo si ridhaa, hata ukiifunga kwenye boksi la sentimita 10. Ukitaka kuficha data yako kwa siri, napo umetoka nje. Mawasiliano ya ridhaa hayafungwi kwa msimbo wa siri, isipokuwa amri unazoituma setilaiti yenyewe. Na kuna IARU, chama cha kimataifa cha waredio wa ridhaa, ambacho hupitia maombi na kupanga nani atumie masafa gani asigongane na mwenzake. Wale ni watu wa kujitolea, na ni wasomaji makini. Ukiandika kwamba lengo ni elimu na ukurasa unaofuata umejaa mpango wa biashara, watakuuliza.

Nimewahi kushauri timu moja waachane na ridhaa wakati bado wako kwenye michoro. Mshirika wao, ambaye nitamwacha bila jina, alikuwa amewahakikishia kwamba "kila mtu anafanya hivyo". Walinikasirikia kweli. Setilaiti yao ilikuwa ya picha za kuuza. Kama kazi yako ni ya kuangalia dunia, zipo bendi zake: megahezi 2200 hadi 2290 za kushusha data, na kwa picha nzito, megahezi 8025 hadi 8400. Redio zake ni ghali zaidi, antena ya ardhini lazima iwe ya dishi, na kuna kikomo cha nguvu ya mawimbi yanayofika ardhini ili msiwaharibie wenye mitambo ya minara. Lakini hapo umesimama mahali pako halali. Kwa setilaiti za muda mfupi, mkutano wa redio wa dunia wa ITU, WRC, wa mwaka 2019 uliofanyika Sharm el-Sheikh, Misri, ulifungua njia nyingine: Azimio namba 32 linatoa utaratibu mfupi kwa setilaiti zisizozidi miaka 3 ya kufanya kazi wala idadi ya 10 kwa mfumo mmoja, na megahezi 137.025 hadi 138 za kushusha pamoja na 148 hadi 149.9 za kupandisha zikaandaliwa kwa ajili ya kuziongoza. Data kidogo, ndiyo. Lakini miradi mingi ya kwanza huhitaji kidogo kuliko inavyoandika kwenye pendekezo la kuombea fedha.

Jambo la mhandisi moja tu, kisha nirudi kwenye makaratasi. Kifungu cha 22.1 cha Kanuni za Redio kinataka kila chombo cha angani kiwe na njia ya kuzimwa mawimbi yake mara moja kinapotakiwa. Huu si mstari wa kujaza kwenye fomu. Jaribuni amri ya kuzima mkiwa na antena zilezile mtakazotumia, na wapeni watu wawili funguo za kituo cha ardhini, maana malalamiko ya mwingiliano wa mawimbi hayachagui siku. Yatakuja mwenye kituo akiwa msibani kijijini.

Kuna swali ambalo timu nyingi za Afrika Mashariki hazijiulizi: setilaiti yetu imeandikishwa kwa jina la nchi gani? 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2018, RwaSat-1 ya Rwanda mwaka 2019 na PearlAfricaSat-1 ya Uganda mwaka 2022 zote zilitoka kwenye kituo cha anga cha kimataifa kwa ushirikiano na Wajapani, na ushirikiano wa namna hiyo ni mzuri, nauunga mkono. Lakini unapoingia makubaliano na chuo cha nje, mwandikiane wazi ni serikali gani itapeleka taarifa ITU. Mara nyingi mshirika wa nje atajitolea kulimaliza kwao kwa sababu ofisi yao ina uzoefu. Ni msaada, ila ujue unachokiacha: nchi iliyopeleka ndiyo yenye haki kwenye rejesta, ndiyo inayoandikiwa barua, na ndiyo ofisi yake inayojifunza. Mradi wa kwanza unaweza kuvumilia hilo. Wa pili, jitahidini upitie nyumbani, hata kama utachukua miezi zaidi na ofisa wenu itabidi apige simu Geneva kuuliza jinsi ya kujaza kisanduku kimoja. Huko wanapokea simu, na wanasaidia vizuri.

Sehemu iliyobaki nawaandikia ninyi mliopangiwa dawati la setilaiti kwenye mamlaka zetu, hasa wapya. Kazi yenu ina sura ya ukarani na watu hawataielewa. Kila wiki mbili utapokea waraka wenye mamia ya mifumo ya nchi nyingine. Usome. Kukaa kimya kwenye mfumo huu kuna gharama iliyoandikwa.

Mfano ninaoupenda ni wa bendi za matangazo ya televisheni kwa setilaiti, gigahezi 11.7 hadi 12.5 kwa upande wetu wa dunia. Mwaka 1977 mataifa yalikutana Geneva yakagawana nafasi: kila nchi, iwe na setilaiti au isiwe nayo, ikapewa sehemu yake kwenye obiti ya kilomita 35,786 juu ya ikweta, ambako setilaiti huonekana imesimama mahali pamoja. Mkutano wa Istanbul mwaka 2000 ukaongeza, nchi za ukanda wetu zikawa na chaneli 10 kila moja. Ni haki nzuri kwa nchi maskini, na haikupatikana kwa bahati. Mwaka 1976 Kenya, Uganda, Kongo na Zaire walikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotia saini Azimio la Bogotá wakidai kwamba kipande cha obiti kilicho juu yao ni chao. Dai hilo halikukubaliwa na mataifa makubwa, ila hoja ya kwamba asiye na roketi naye awekewe fungu ilisikika, na mwaka 1988 ITU ikagawa mpango mwingine wa namna hiyo kwa huduma za mawasiliano.

Fungu lako likishaandikwa, lakini, jirani anaruhusiwa kuomba mfumo wa ziada karibu nalo. Unaandikiwa. Una miezi minne. Usipojibu, na ukumbusho ukapita, unahesabiwa umekubali, na kinga ya masafa yako inapungua kidogo. Anakuja mwingine, kidogo tena. Kufikia mwaka 2019 kulikuwa na nchi nyingi za Afrika ambazo nafasi zake zilikuwa bado zimo kwenye kitabu ila zimezidiwa na mwingiliano kiasi kwamba huwezi kumshawishi mwekezaji aweke setilaiti pale. Ikabidi mkutano wa Sharm el-Sheikh upitishe Azimio namba 559 la kuwapa nchi kama hizo nafasi ya kuomba upya, na nyingi zetu zikaomba mwaka 2020. Hilo lilikuwa dirisha maalumu. Usiipange kazi yako ukitegemea lingine.

Kwa hiyo: uwe na rejesta yako mwenyewe ya tarehe, nje ya barua pepe. Ofisi zetu huhamisha watu, na barua pepe ya aliyehamishwa huhama naye. Ukiona mfumo unaokugusa na huna muda wa kuupima, andika kwamba hukubali, kisha upime. Jibu la kukataa linaweza kuondolewa baadaye, ila ukimya haurudishwi. Usione haya kuikatalia nchi rafiki. Wanatarajia hivyo, na mazungumzo ya uratibu huanzia hapo.

Upande wa pili wa kuwahi ni kutumia. Kama ilivyo kwa kiwanja cha mjini, hati haitoshi usipoendeleza. Mfumo ulioandikishwa una miaka 7 ya kuanza kufanya kazi. Ukipita bila setilaiti, unafutwa. Zamani nchi ziliandikisha nafasi nyingi kuliko haja zao ili wakodishe. Tonga, visiwa vidogo vya Pasifiki, iliomba nafasi 16 mwishoni mwa miaka ya 1980, ikalalamikiwa, ikabaki na chache. Siku hizi mchezo umehamia kwenye obiti za chini. Rwanda mwaka 2021 ilipeleka ITU mifumo miwili ya jumla ya setilaiti zaidi ya 300,000. Nchi yoyote ina haki ya kuomba, sina ugomvi na hilo, lakini hesabu zipo: Azimio namba 35 la mwaka 2019 linataka kundi la namna hii liwe na asilimia 10 angani miaka 2 baada ya ile 7 kwisha, asilimia 50 baada ya miaka 5, na zote baada ya 7. Asilimia 10 ya 300,000 ni 30,000. Asiyezifikia, idadi yake kwenye rejesta inakatwa. Mtu akija ofisini kwako akitaka nchi yako iandikishe kundi lake, mwulize kwanza nani atalipa ada za ITU, nani atajibu barua za malalamiko, na mkataba unasema nini akiuza kampuni.

Mkutano mkuu unaofuata, WRC, ni mwaka 2027, na Umoja wa Mawasiliano wa Afrika wenye makao Nairobi unaendesha vikao vya kuandaa msimamo wa bara kabla yake. Kila nchi ina kamati yake ya maandalizi pia. Vyuo na kampuni wanaruhusiwa kuomba kukaa humo, na kwa nilivyoona viti hivyo hukaa wazi. Omba kwa barua kwa mkurugenzi mkuu wa mamlaka, taja kipengele cha ajenda kinachogusa kazi yako, na uende na vipimo vyako mkononi.