Montúfar: mwanahistoria au mwanasiasa?

Umeuliza kama Lorenzo Montúfar wa Guatemala alikuwa mwanahistoria kweli au mpiga debe wa waliberali tu. Ndugu yangu, vyote viwili. Alizaliwa mwaka 1823, akasomea sheria, na utawala wa Rafael Carrera, mtawala wa kihafidhina wa Guatemala, ulipombana akakimbilia Costa Rica. Huko mkimbizi huyo akaja kuwa waziri wa mambo ya nje! Baada ya mapinduzi ya waliberali ya 1871 alirudi nyumbani, akawa waziri wa Rais Justo Rufino Barrios na mjumbe wa bunge lililoandika katiba ya 1879.

Kazi yake kubwa ni historia ya Amerika ya Kati, juzuu 7. Humo Morazán, kiongozi wa waliberali aliyekuwa rais wa shirikisho la Amerika ya Kati, ni shujaa, na mapadri wanachapwa kila kona; hajifichi kabisa. Ila hakuwa chawa wa mtu. Mwaka 1882 Barrios alipokubali kuachana na madai ya Guatemala juu ya Chiapas na Soconusco, maeneo ya mpakani, na kuiachia Mexico, Montúfar, aliyekuwa balozi Washington, alijiuzulu. Baadaye akagombea urais, akabwagwa na Reina Barrios, mpwa wa bosi wake wa zamani. Alifariki 1898.