Maswali Yenu: Kahawa Chungu, Meza ya Mtu Mmoja na Chakula Kisichonoga

Safari hii barua nyingi zimeangukia kwenye kikombe na sahani, nimefurahi kweli maana watu wengi wanaoishi mjini wananiandikia kuhusu kodi na foleni tu, kama vile hakuna kitu kingine ndani ya siku. Nimechukua nne, hiyo ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu imeulizwa na wengi.

Habari mhariri. Mi napenda sana kahawa, shida nikitengeneza nyumbani inakuwa chungu mpaka naijaza sukari, wakati ya mkahawani nakunywa hivyo hivyo bila kitu. Na kahawa nanunua nzuri tu. Lazima ninunue ile mashine kubwa? – Mpenda Kahawa

Ndugu yangu, mashine iache kwanza, hela yako itulie. Kuna kitu watu hawaambiwi, ni kwamba maji hayatoi kila kitu kwenye kahawa kwa mpigo mmoja. Kinachotangulia kutoka ni ule uchachu, halafu unafuata utamu na zile ladha nzuri unazozitaka, mwisho kabisa ndo unatoka uchungu. Sasa ukiiacha kwenye maji muda mrefu, au imesagwa laini mno kama unga wa ngano, unakuwa umevuka pale pazuri umeenda mpaka kwenye uchungu. Na kinyume chake pia kipo, ukiharakisha au ikiwa ya chenga kubwa inatoka nyepesi na chachu, wengi hapo wanadhani kahawa ni mbovu kumbe haijatoa kitu bado.

Kwa hiyo anza hivi. Maji yakishachemka yaepue, subiri kama nusu dakika au dakika hivi ndo umimine, unataka yawe kati ya nyuzi joto 90 na 96. Kipimo ni gramu 1 ya kahawa kwa gramu 15 hadi 17 za maji, yani kikombe cha mililita 250 kinataka kama gramu 15 au 16, na kama una mizani ya jikoni itumie maana kijiko kinadanganya sana, kahawa iliyokaangwa sana ni nyepesi kuliko isiyokaangwa sana hata kijiko kikijaa sawasawa. Ukiwa na lile birika la kusukuma kichujio, saga chenga chenga, acha dakika 4, sukuma, halafu mimina YOTE, usiache nyingine mle ndani ikiendelea kukaa na machicha yake. (Kahawa za kuchemshwa motoni zina taratibu zake, hizo tutaziongelea siku nyingine, hapa nasema hii ya kumwagia maji.)

Bado chungu? Saga kubwa kidogo. Imekuwa chachu? Saga ndogo kidogo. Badilisha kitu kimoja kimoja, ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia. Na angalia pakiti imeandikwa nini, aina za kahawa zinazouzwa sana ni mbili, robasta na arabika, kama ni robasta ina kafeini (ile inayofukuza usingizi) karibu mara mbili ya arabika na uchungu wake uko juu, sio kasoro, ndivyo ilivyo. Pia zikikaangwa mpaka nyeusi tii zinakuwa chungu, usije ukadhani weusi ule ndo nguvu, kafeini haiongezeki kwa kukaanga.

La mwisho nakuomba sana, kama unaweza nunua buni zilizokaangwa ambazo hazijasagwa, usage unapotaka kunywa. Ikishasagwa hewa inaingia kila upande na harufu inapotea haraka, na harufu ndo nusu ya raha yenyewe. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na mwanga na joto, sio juu ya jiko jamani.

Dada, nifanyeje, siku hizi chakula hakininogei kabisa, hata vile nilivyokuwa navipenda. Siumwi. Nakula mezani kwangu ofisini nikiwa najibu meseji za kazi, nikimaliza hata sikumbuki nilikula nini. – Mchovu wa Mchana

Mdogo wangu umejijibu mwenyewe hapo mwisho. Ulimi peke yake unajua mambo machache, utamu, chumvi, uchachu, uchungu na ule utamu wa mchuzi mzito wa nyama. Hayo mengine yote tunayoyaita ladha yanapita puani, harufu inapanda kutoka nyuma ya koo wakati unatafuna. Jaribu kuziba pua halafu utafune kipande cha tunda, utasikia utamu tu, achia pua ghafla, tunda linarudi lote. Sasa mtu anayemeza haraka macho yakiwa kwenye simu hiyo harufu inapita bila mwenyewe kuwepo.

Jambo jingine, tonge za kwanza ndo zenye raha kubwa, kadiri unavyoendelea na chakula kile kile hamu yake inashuka, mwili ndivyo unavyofanya kazi, ndo maana mtu aliyeshiba wali bado anapata nafasi ya tunda. Kwa hiyo hizo tonge za kwanza usizipe simu. Ilaze kifudifudi, kula taratibu, ukishafika katikati kama lazima ujibu watu basi jibu. Weka na kitu chenye ladha tofauti pembeni, kichachu au kinachokatika mdomoni, uwe unarudi kwacho. Mi naona hii ni haki yako kabisa, mchana ni wako, kazi haijaununua. Ila ukiona wiki zinapita na harufu huzisikii kabisa, au hakuna chochote kinachokufurahisha sio chakula tu, hapo muone daktari.

Naona aibu kukaa mkahawani peke yangu. Naagiza ya kubeba naondoka, ingawa natamani kukaa. Watu watanionaje? – Wa Pembeni

Kaa! Natamani ningekushika mkono nikukalishe. Mikahawa tangu mwanzo ilikuwa mahali pa mtu kuingia peke yake. Istanbul ilikuwa nayo tangu katikati ya karne ya 16, London wa kwanza ukafunguliwa mwaka 1652, na kule mtu alilipa peni moja anakaa meza moja na watu asiowajua, anasoma habari, anasikiliza wengine wakibishana. Mazungumzo yalinoga mpaka mfalme Charles wa Pili akaogopa, Desemba 1675 akatoa amri mikahawa ifungwe, watu wakaja juu, Januari 1676 akaifuta kabla hata haijaanza kufanya kazi. Watu walipambania kiti hicho unachokionea aibu.

Anza saa ambayo hakuna watu wengi, chagua kiti cha ukutani au dirishani ambapo unaona wanaoingia, agiza ya kwenye kikombe sio ya kubeba. Hao wengine wana mambo yao. Na ukikaa utaiacha ipoe kidogo, ambayo ni faida mara mbili, maana ikiwa inaunguza ladha nyingi huzipati, na mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilisema vinywaji vya moto sana, juu ya nyuzi 65, huenda vinachangia saratani ya umio. Kahawa yenyewe hawakuiwekea kosa, ni ule moto.

Raha yangu ni kikombe cha saa kumi na mbili jioni nikitoka kazini, lakini usiku sasa nakesha. Nikiache? – Macho Makavu

Kikombe usikiache, ulichoweka ndani ndo ubadilishe. Kafeini inazuia kazi ya adenosini, ile kemikali inayojikusanya kichwani mchana kutwa na kukuletea usingizi, na mwili unachukua kama saa 5 kuondoa nusu tu ya uliyokunywa. Kuna utafiti wa 2013 waliwapa watu miligramu 400, ambayo ni kama vikombe vinne, zikiwa zimebaki saa 6 walale, usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa 1. Watu wanatofautiana sana, mjamzito kwake inakaa muda mrefu zaidi, na Ulaya wataalamu wanamshauri asizidishe miligramu 200 kwa siku.

Hamishia kahawa yako ya kweli asubuhi au mara baada ya chakula cha mchana. Hiyo ya jioni tumia iliyotolewa kafeini, kikombe kile kile, kiti kile kile, saa ile ile. Ila nayo inabakiwa na kafeini kidogo, kwa hiyo kama mwili wako mwepesi hivyo kunywa kimoja tu.