Ukiporwa Dar, usiseme "nimepoteza"

Kilio cha Temeke, Kinondoni na Ilala ni kilekile: kibaka anakamatwa Jumatatu, Alhamisi yupo kijiweni. Polisi wanalaumiwa, waendesha mashtaka wanalaumiwa, hakimu naye hasalimiki. Lawama nyingine ni za haki kabisa. Mambo yangekuwa shwari, Rais asingeunda Tume ya Haki Jinai mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ila kuna kesi ambazo huwa zimeshakufa kabla wakili wa serikali hajafungua jalada. Zinafia kwenye maelezo ya mlalamikaji, na hapo mwenye kalamu kwa sehemu kubwa ni wewe.

Tuanzie kaunta. Sema umeibiwa au umeporwa. Mtu aliyekwapuliwa simu na watu wa bodaboda, akiwa na haraka ya kurudisha laini, huishia kuchukua taarifa ya upotevu. Karatasi hiyo inamtosha wakala wa laini, lakini haifungui uchunguzi wowote. Unachotaka ni namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, pamoja na jina la mpelelezi atakayekabidhiwa jalada. RB ni bure, PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi) ni bure, na dhamana ya polisi ni bure vilevile.

Sasa maelezo. Tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, Mahakama ya Rufani inauliza maswali yaleyale kuhusu mtu aliyetambuliwa usiku: ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulitoka wapi na ulikuwa mkali kiasi gani, ulikuwa unamfahamu kabla? "Kulikuwa na taa" haikusaidii kitu. Yanayosaidia ni maelezo ya namna hii: taa ya umeme ya baraza la jirani, hatua nne, alisimama mbele yangu kama dakika mbili akinipekua mifuko. Kama unamfahamu, mtaje usiku huohuo kwa mtu wa kwanza unayekutana naye, awe mjumbe, mlinzi au askari. Shauri la Marwa Wangiti Mwita liliweka wazi kwamba kumtaja mtuhumiwa mapema kunampa shahidi uzito, na kukaa kimya kunatia shaka. Watu wanaogopa kisasi, jambo linaloeleweka, wanaandikisha "watu wasiojulikana", kisha miezi baadaye wanasimama mahakamani na kutaja jina. Wakili wa utetezi anataka nini zaidi?

Kama humjui, eleza wajihi wake kabla ya gwaride la utambulisho, pale utakapotakiwa kumtambua kati ya watu waliopangwa mstari: kimo, umbo, kovu, nguo. Ukioneshwa mtuhumiwa koridoni na kuulizwa "ndiye huyu?", gwaride litakalofuata limeshaharibika. Kataa kwa adabu. Na usisaini maelezo kabla ya kuyasoma yote. Panga lililokuwepo barabarani huweza kupotea kwenye muhtasari wa askari. Panga hilo ndilo linalotofautisha wizi, wenye dhamana, na unyang'anyi wa kutumia silaha, usio na dhamana na wenye kifungo kisichopungua miaka 30.

Mali nayo ina utaratibu wake. Itaje kwa alama kabla hujaoneshwa iliyokamatwa. Kwa simu, bonyeza *#06# leo, uandike IMEI, namba ya kipekee ya simu yako, mahali pengine nje ya simu, na utunze boksi na risiti. Mwizi akikamatwa mtaani, wananchi wenye hasira kali huharibu zaidi ya wanavyodhani: simu inapita mikono kumi, na hakuna anayeweza kueleza ilitoka mfuko wa nani. Aliyeichukua kutoka kwa mwizi aikabidhi mwenyewe polisi, ijazwe hati ya ukamataji mali, na mjumbe asaini kama shahidi.

Umejeruhiwa? PF3 hujazwa na polisi, kisha daktari. Andika jina la daktari na hospitali, maana mshtakiwa ana haki ya kutaka daktari aitwe kuhojiwa, na mahakama isipomweleza haki hiyo fomu huondolewa kwenye ushahidi. Madaktari huhamishwa.

Kesi ikishafika mahakamani, chukua namba yake kwa karani na uandike kila tarehe ya kutajwa. Ukihama au ukibadili laini, mjulishe mpelelezi. Shahidi asiyepatikana ni zawadi kwa mshtakiwa. Ukisikia kesi "imefutwa", uliza: mashtaka yameondolewa, au mtuhumiwa ameonekana hana hatia? La kwanza halizuii kushtakiwa upya; la pili linafunga mlango, labda upande wa mashtaka ukate rufaa.

Jalada likikwama, acha kupiga simu. Andika barua yenye namba ya RB kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya), nakala kwa RCO (mkuu wa upelelezi wa mkoa) na Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Ukiombwa "hela ya mafuta" ili mtuhumiwa afuatwe, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa namba 113, na hawakutozi kitu.